Pungufu kwa Pointi Tatu: Kuhusu Vikings wa 2022

Msimu wa kawaida wa 2022 ulipomalizika, Minnesota Vikings, timu ya mpira wa Kimarekani katika ligi ya NFL, walikuwa wamefunga pointi 424 na kufungwa pointi 427. Yaani baada ya michezo 17 walikuwa wamezidiwa kwa pointi tatu. Timu yenye hesabu ya namna hiyo kwa kawaida hushinda karibu nusu ya michezo yake, na ikijaliwa sana huongeza mmoja au miwili. Vikings walishinda 13, wakapoteza minne, na wakatwaa ubingwa wa kundi la Kaskazini la NFC, moja ya nusu mbili za ligi hiyo. Usiku huu nimeyapitia tena matokeo yale, mchezo baada ya mchezo, kwa sababu shemeji yangu, ambaye anaishi ng'ambo ya mpaka kule Wisconsin, anaishabikia Green Bay Packers na wala haoni haya kulitangaza jambo hilo katika nyumba ya watu wa Minnesota, alirudia tena mezani kauli yake ya siku zote: "Shemeji, mwaka ule ninyi mlibebwa na bahati tu." Watoto waliingilia mazungumzo kabla hatujafika popote, kwa hiyo namjibu hapa.

Kwanza namkubalia hesabu. Katika mpira wa Kimarekani tachidauni moja, yaani kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani, ina pointi sita, na timu iliyoifunga inaweza kujaribu kuongeza mbili papo hapo, kwa hiyo pengo la pointi nane ndilo kubwa kabisa linaloweza kuzibwa kwa shambulizi moja. Vikings walicheza michezo 11 iliyoamuliwa kwa tofauti isiyozidi hapo, na wakashinda yote 11. Walipofungwa, walifungwa kwa aibu: Philadelphia Eagles 24-7, Detroit Lions 34-23, Packers 41-17, na ule wa Dallas Cowboys wa 40-3, ambao ulichezwa katika uwanja wetu wenyewe hapa Minneapolis na ambao bado siwezi kuutazama marudio yake. Vipigo hivyo vinne peke yake vina upungufu wa pointi 89, na ushindi wote 13 ukijumlishwa unaleta ziada ya 86. Pointi tatu zetu zilipotelea hapo.

Shemeji hupenda kuanzia London. Tarehe 2 Oktoba, katika uwanja wa Tottenham Hotspur, Vikings walikuwa wanaongoza 28-25 sekunde zikiyoyoma, na mpiga teke wa New Orleans Saints, Will Lutz, akajaribu kusawazisha kwa teke la pointi tatu kutoka yadi 61. Dakika chache nyuma alikuwa amefunga kutoka yadi 60, hivyo hapakuwa na mtu wa kumdharau. Mpira ukagonga mlingoti wa kushoto, ukashuka juu ya mtambaa wa panya, ukarudi uwanjani. Bahati, nakubali. Lakini shemeji husahau kwamba siku moja kabla ya Krismasi, dhidi ya New York Giants, mpiga teke wetu Greg Joseph alisimama yadi zilezile 61, mchezo ukiwa sare ya 24-24 na saa ikielekea sifuri, akaupitisha mpira katikati. Msimu huohuo Joseph alikuwa amekosa mateke kadhaa mepesi ya pointi moja yanayopigwa baada ya tachidauni, yale ambayo wapigaji wa ligi hii hufunga karibu bila kufikiri. Hilo nalo tuliite nini?

Mchezo ninaoutumia mimi ni wa Buffalo, tarehe 13 Novemba. Vikings walikuwa nyuma 27-10 katika robo ya tatu, ugenini, mbele ya timu iliyokuwa ikitajwa na wengi kama mgombea wa ubingwa. Mwishoni mwa robo ya nne walifika katika jaribio la nne wakihitaji yadi 18. Timu hupewa majaribio manne tu ya kusogea yadi 10, na likishindikana la nne mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwa hiyo kuhitaji 18 katika jaribio la nne ni karibu sawa na kuaga. Kirk Cousins, kwotabeki wetu, yaani mrushaji mkuu wa mipira, akaurusha mpira juu kuelekea kwa mpokeaji wetu Justin Jefferson. Jefferson akaruka huku anaangukia mgongo, akaunyaka kwa mkono mmoja ilhali beki wa Buffalo alikuwa tayari ameutia mikono yake yote miwili, akaanguka nao. Nimeona mipira mingi ikidakwa, ya ligi hii na ya makipa wa kandanda niliyokulia nayo, na sijaona iliyozidi ule.

Baada ya hapo yakaja mambo ambayo hakuna kocha anayeyafundisha. Vikings walizuiwa kwenye mstari wa goli katika jaribio la nne, chini ya dakika moja ikiwa imebaki, na Buffalo, wakiwa mbele 27-23, walihitaji tu kuupokea mpira na kusogea kidogo ili wapate nafasi ya kupumua. Kwotabeki wao, Josh Allen, hakuushika vizuri mpira aliopewa kutoka katikati. Ukadondoka katika eneo lao la mwisho, na mlinzi wetu Eric Kendricks akaulalia. Tachidauni. Buffalo walisawazisha kwa teke, ukaja muda wa nyongeza, Vikings wakapata pointi tatu, na mlinzi wetu mwingine, Patrick Peterson, akaupora mpira wa mwisho wa Allen karibu na goli letu. 33-30. Mpira ulioanguka ulikuwa zawadi tupu. Mkono wa Jefferson haukuwa zawadi ya mtu yeyote, na bila mkono ule zawadi isingekuwa na mahali pa kupokelewa.

Ndipo ninapoachana na shemeji. Kushinda michezo 11 ya karibu kati ya 11 ni jumla isiyoweza kutegemewa, na ukiitazama kama jumla ni bahati kweli. Lakini hatukutazama jumla, tulitazama watu. Jefferson alimaliza msimu na mipira 128 aliyoipokea kwa yadi 1,809, akiongoza ligi nzima, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mashambulizi. Yadi zile hakuzipata kwa kurusha shilingi.

Kuhusu mchezo wa Indianapolis Colts wa tarehe 17 Desemba nitakuwa mfupi, ingawa ndio unaosimuliwa zaidi. Mapumziko yalifika tukiwa nyuma 33-0. Tukashinda 39-36 katika muda wa nyongeza, kwa teke la Joseph la yadi 40 likiwa limebaki sekunde tatu. Ligi haijawahi kuona timu ikirudi kutoka mbali hivyo. Rekodi ya awali, pointi 32, ilikuwa ya Buffalo tangu Januari 1993. Ila timu nzuri haifungwi 33-0 katika nusu moja na Colts wa mwaka ule, waliokuja wakiwa wameshinda michezo minne tu. Siku ileile iliyotupa ubingwa wa kundi ilituonyesha pia ugonjwa wetu, na sisi tukachagua kuusherehekea ubingwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa ulinzi. Tarehe 15 Januari 2023 Giants walirudi Minneapolis kwa mchezo wa mtoano, na kwotabeki wao Daniel Jones, ambaye hakuwa akimtisha mtu, alirusha yadi 301 na kukimbia nyingine 78. Walishinda 31-24. Katika nafasi yetu ya mwisho tulikuwa kwenye jaribio la nne tukihitaji yadi nane, na Cousins, akiwa amebanwa na mabeki, akampa mwenzake T.J. Hockenson pasi ya yadi tatu, naye Hockenson akakamatwa palepale. Watu wengi walimlaumu Cousins. Mimi namlaumu kidogo tu, kwani nadhani siku ile ililipwa deni lililokuwa likikua tangu Septemba, na siku chache baadaye kocha wa ulinzi, Ed Donatell, alifukuzwa.

Msimu uliofuata Vikings walianza kwa kupoteza michezo mitatu mfululizo, dhidi ya Tampa Bay, Philadelphia na Los Angeles Chargers, na hakuna hata mmoja uliozidi tofauti ya pointi sita. Mwezi Oktoba Cousins alikatika mshipa wa kisigino, tena kwenye uwanja wa Green Bay, na tukamaliza na ushindi saba, vipigo 10. Shemeji huutaja msimu huo wa 2023 kama ushahidi kwamba timu hatimaye ilionyesha sura yake halisi. Akija tena nitamwuliza kwa nini ushindi wa pointi tatu huwa bahati, na kipigo cha pointi tatu huwa uwezo.