Magofu ya Kunduchi, we unayajua?

Watu wa Dar tunaijua Kunduchi kwa samaki, bichi na ile wotapaki ya watoto, basi. Ukimwambia mtu kuna msikiti wa karne ya 16 pale karibu na mahoteli anakuangalia kama umevuta kitu.

Upo, au niseme ulikuwepo, maana zimebaki kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kibla bado unakitambua. Ila mimi utamu nauona kwenye makaburi, mengi ya karne ya 18 na kuendelea, yana nguzo ndefu zimesimama katikati ya mibuyu, na kwenye nguzo wenyewe walikuwa wanapachika sahani na bakuli za kaure za kutoka China! Yaani huku uswazi kwetu watu walikuwa na vyombo vya China kabla hata Dar yenyewe haijaanza, na hawakuvilia wali, wakampa marehemu. Vingi vimeshabanduliwa, utakuta tundu za duara tu, nikiwaza vipo kabatini kwa nani huko duniani naumwa kichwa.

Halafu ile mibuyu sasa. Wazee wa pwani watakwambia mbuyu hauna mwenyewe, una wenyewe, kwahiyo saa saba mchana usizuguezugue chini yake. Mi siamini sana, ila saa saba sikai pale.

Eneo linalindwa kisheria kama mambo ya kale. Ukienda vaa viatu vya kufunika, miba ipo ya kutosha.