Nyuma ya Sonamarg: kutembea maziwa ya Kashmir hadi Naranag

Sonamarg penyewe, mji mdogo wa watalii huku Kashmir, kaskazini mwa India, kama mpango wako ni kwenda asubuhi na kurudi Srinagar jioni, mi sikushauri sana. Wenyeji mtanisamehe. Ni mtaa mmoja wa hoteli na migahawa pembeni ya barabara kuu ya kwenda Ladakh, malori ya jeshi yanapita, mto Sindh unanguruma chini (huu sio ule mkubwa wa Pakistani, ni mwingine, unaenda kuingia mto Jhelum), na ukishusha tu mguu kwenye gari umeshazungukwa na watu wa farasi, kila mmoja na bei yake. Wanataka wakupeleke Thajiwas, ambako barafu ya milimani inateremka mpaka karibu na bonde. Panapendeza, sikatai, ila ni kilomita chache tu, mtu mwenye miguu mizima anatembea mwenyewe, na ukifika kuna makelele ya watu wa kukodisha mabuti na mbao za kuteleza kwenye theluji. Watalii wengi wanaishia hapo, picha, chai, kwenye gari, basi wameiona Sonamarg.

Kilichonipeleka mimi kiko nyuma ya ile milima. Kuna njia ya miguu inaanzia hapo Sonamarg inazunguka mpaka kijiji cha Naranag, na katikati yake ni ziwa baada ya ziwa, yote juu ya mita 3,500 hivi, hakuna barabara, hakuna hoteli, unalala kwenye tenti. Mi ni mtu wa Moshi, nasoma India, na kila nikijitambulisha darasani naulizwa Kilimanjaro Kilimanjaro mpaka nikachoka, nikasema ngoja na mi nikaone ya kwao. Tulienda Agosti. Huko tunakosoma Agosti ni mvua mtindo mmoja, nguo hazikauki, lakini bonde la Kashmir limejificha nyuma ya safu ya Pir Panjal, mawingu mengi ya monsuni yanamaliza maji yake upande wa pili, kwa hiyo kuanzia Julai mpaka katikati ya Septemba njia inapitika, theluji imepungua na maua yapo. Haina maana hainyeshi kabisa, ntawaambia mbele.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni simu. Laini ya kulipia kabla uliyonunulia Delhi au Pune ukiingia Kashmir haifanyi kazi, yani sio kwamba mtandao ni hafifu, haipo kabisa, kule zinakubali za nje zile za bili ya mwisho wa mwezi tu. Na ukishapanda juu hata hizo zinakata. Mwambie mama mapema kwamba utapotea hewani asije akaanza kuwapigia ndugu wa Dar.

Kutoka Srinagar ni kama kilomita 80. Sisi gari lilipita zile kona za Gagangir, pembeni mlima umekatwa wima, na dereva akatuonyesha sehemu ambazo kila baridi maporomoko ya theluji yalikuwa yanafunga barabara, Sonamarg inahamwa yote mpaka majira ya kuchipua. Siku hizi hiyo habari imeisha, Januari 2025 wamefungua handaki la zaidi ya kilomita 6 linapita chini ya hilo eneo, na wanachimba lingine refu zaidi chini ya mlima pale Zoji La, huko mbele kwenye njia ya Ladakh.

Njia ya miguu inaanzia Shitkadi, nje kidogo ya mji, na hapo hapo unakutana na jeshi. Inabidi uelewe uko wapi, mstari unaotenganisha upande wa India na wa Pakistani hauko mbali na hayo maziwa, kwa hiyo vitambulisho vinakaguliwa mwanzoni na tena huko katikati, na mgeni wa nje unatembea na nakala za pasipoti za kutosha. Askari akaigeuza pasipoti yangu, akaniuliza Tanzania ni upande gani wa Afrika, nikamwambia ni kule kwenye Kilimanjaro. Akacheka, "Sasa bhai (kaka), mlima unao kwenu, huku umefuata nini?" Swali zuri kiukweli, nilikuwa sina jibu.

Mwanzo ni kupanda tu, unapanda kwenye majani wazi, nyuma yako Sonamarg inakuwa ndogo na barafu ya Thajiwas inaonekana vizuri kuliko ukiwa palepale Thajiwas, hii nayo iandike. Afu unaingia msituni, misonobari na ile miti ya gome jeupe linalobanduka kama karatasi, wanaiita bhojpatra, na kweli zamani Kashmir walikuwa wanaandikia vitabu juu ya hilo gome. Nilibandua kipande kilichodondoka nikajaribu na kalamu, inakubali.

Mizigo inabebwa na farasi na nyumbu. Kwetu mpagazi anapanda na kilo 20 zake kichwani, huku kamba zinafungwa juu ya mnyama na mwenye mnyama anatembea pembeni anapiga mluzi. Wa kwetu alikuwa mzee mmoja mwembamba, tulimwita chacha, yani baba mdogo, ndevu zimepakwa hina, viatu vya plastiki vya kutumbukiza mguu tu, na kwa hivyo viatu alikuwa anatuacha sisi wenye mabuti ya bei mbaya kila kilima. Nilimsalimia assalam alaykum siku ya kwanza, akasimama, akaniangalia, akaitikia yote mpaka mwisho na toka hapo nikawa mtu wake, kila wakinywa chai naitwa. Kihindi changu cha sokoni na cha kwake hakikuwa mbali, tulielewana.

Yeye ndio alinifungua macho kwamba hii sio nyika tupu. Mi nilikuwa naangalia yale mabonde ya kijani nasema aisee, hakuna mtu huku. Akaninyooshea kidole: kule moshi, kule ukuta wa mawe, kule paa la udongo limeota majani ndio maana hulioni. Ni Wagujjar na Wabakarwal, wafugaji, wengi wanashinda majira ya baridi huko chini pande za Jammu, Rajouri na Poonch, afu joto likianza wanapanda kwa miguu na kondoo, mbuzi, farasi, watoto na mbwa mpaka huku juu, wakati wa vuli wanashuka tena. Kila ukoo unajua malisho yake. Serikali ina mpaka walimu wa msimu wanaowafuata watoto milimani. Tulikaribishwa kwenye kibanda kimoja karibu na Nichnai, mama wa pale akatutolea mkate wa mahindi na chai ya pinki yenye chumvi, ndio, chumvi, mwenzangu wa Kerala aliweka kikombe chini taratibu, mi nilimaliza na kuongezewa. Nje kuna mbwa hao, ukubwa wa ndama, usisogelee kibanda kabla mwenyewe hajatoka, hilo sio utani.

Nichnai ndio njia ya kwanza ya kuvuka mlima, zaidi kidogo ya mita 4,000, mawe matupu, upepo, na ukishateremka upande wa pili linafunguka bonde refu la majani, maporomoko ya maji kushoto, unatembea tu hujui utafika saa ngapi, mpaka ghafla ziwa Vishansar hilo hapo. Kambi iko karibu na mita 3,700. Kwa mtu wa Moshi hiyo ni Horombo kabisa, ile kambi ya Kilimanjaro, urefu uleule, ila Horombo unakaa juu ya mawingu na vichaka na miti ile mikubwa ya ajabu, huku unakaa ndani ya shimo la kijani limezungushiwa milima na mbele yako maji ya buluu yametulia. Kichwa kilinigonga usiku ule kama wenzangu wote. Mwongozaji akasema kunyweni maji, msilale mchana, tembeeni polepole, nikacheka peke yangu maana hiyo "polepole" mi nimezaliwa naisikia.

Tulikaa pale siku nzima bila kusonga, na ningeshauri kila mtu afanye hivyo. Juu kidogo kuna ziwa la pili, Kishansar, linamwaga maji kwenye Vishansar, na kutoka Vishansar unaanza mto Kishanganga ambao ukivuka upande wa Pakistani unaitwa Neelum. Kuna samaki aina ya trauti, waliletwa na Waingereza miaka ya 1900 mwanzoni huko, na kuvua unahitaji kibali cha idara ya uvuvi. Chacha hakuwa na habari na samaki, yeye alikaa na wafugaji wanapiga stori za bei ya sufu.

Siku ya Gadsar Pass, njia ya pili ya kuvuka mlima, ndio siku yenyewe. Ni kama mita 4,200, sehemu ya juu kuliko zote kwenye hii safari, na kile kilima cha kuanzia Kishansar ni kikali, farasi wanapanda wanapumua kwa sauti, unawapisha ukutani, kamwe usikae upande wa bonde wakipita. Ila kila ukisimama kupumua unageuka nyuma na yale maziwa mawili yako chini pamoja, moja juu moja chini, rangi hazifanani, na watu walikuwa wanasimama kupumua mara nyingi kuliko walivyohitaji.

Upande wa pili ni maua. Sijui niseme vipi, zambarau, njano, nyeupe, mpaka magotini, na ziwa Gadsar lenyewe limekaa chini ya ukuta wa mwamba na vipande vya barafu vinaelea pembeni Agosti hiyo hiyo. Wenyeji wana hadithi kwamba kuna zimwi majini, wengine wanasema ni pweza, na chacha alikataa kabisa farasi wake wanywe pale, akawapitisha mbali, akasema Mungu ndio anajua. Hakuna aliyemcheka. Chini zaidi ni kambi nyingine ya jeshi, pasipoti tena.

Satsar sina mengi, mvua ilitunyeshea mpaka ndani ya begi la kulalia, yale maziwa saba madogo mengine yalikuwa yamekauka, tukapita.

Afu Zaj, njia ya mwisho ya kuvuka, mawe makubwa unaruka moja hadi jingine, na juu yake unakutana na Haramukh uso kwa uso, mita 5,142, na chini yake ziwa Gangabal, refu la kilomita mbili na ushee, na ziwa Nundkol pembeni. Huo mlima una stori. Mwaka 1856 mpima ardhi wa Uingereza, Thomas Montgomerie, akiwa huko Haramukh aliona vilele viwili mbali zaidi ya kilomita 200 kwenye safu ya milima ya Karakoram, akavipa namba tu, K1 na K2. K1 ikaja kutumia jina lake la wenyeji, Masherbrum, ila K2 imebaki K2 mpaka leo, mlima wa pili kwa urefu duniani umebaki na jina la kwenye daftari. Na Gangabal kwa Wahindu wa Kashmir ni maji matakatifu, wanakuja kuhiji, zamani walikuwa wanaleta huku majivu ya marehemu wao. Chacha Mwislamu akawa anatuambia vueni viatu mkikaribia pale, wenzetu wanapaheshimu. Kilichonikera ni mifuko ya biskuti na chupa kwenye kingo za Nundkol, na hayo sio ya wafugaji, mfugaji chupa ya plastiki akiiona anaichukua akawekee maziwa.

Kushuka Naranag ni adhabu ya magoti, zaidi ya mita elfu moja unashuka siku moja, msituni, vumbi. Pale chini kuna mahekalu ya mawe ya karne ya 8, ya enzi za mfalme Lalitaditya, yameanguka nusu, mawe makubwa yamepangwa bila hata ufa wa kupitisha kisu, na watoto wa kijiji wanacheza kriketi kando yake. Tukalipana na chacha, akahesabu, akahesabu tena, akanikumbatia.

Kwenye jiipu ya kwenda Kangan wakaanza kubishana ziwa gani namba moja. Wote wanasema Gangabal, dereva naye Gangabal, na yeye hajawahi hata kupanda. Wamekosea wote, ni Gadsar, na zimwi lake.