Mstari Nilioukata

Novemba 2014, nikiwa Edinburgh, nilizikata sehemu ya juu picha zangu kumi na nne, nikaenda kuzionyesha mbele za watu bila kujua nimekata nini.

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na kazi niliyopewa ilikuwa kuhesabu seli za neva zinazozaliwa mapema kwenye gamba la ubongo wa panya. Panya hubeba mimba siku 19 hivi, na seli nyingi za gamba hilo huzaliwa kati ya siku ya 11 na ya 17. Wiki moja, basi. Sindano sikupiga mimi, maana huko humgusi mnyama wa maabara bila leseni na yangu ilikuwa haijatoka. Msimamizi wangu ndiye aliyemdunga panya mwenye mimba ya siku 11 dawa iitwayo BrdU, ambayo hujipenyeza kwenye DNA ya seli inapojiandaa kugawanyika. Seli ikiacha kugawanyika baada ya hapo, hubaki na alama nzito. Ikiendelea, alama hupauka kizazi baada ya kizazi, kama chai inayoongezwa maji.

Mimi nilikabidhiwa bongo za vitoto vilipozaliwa, kila mmoja kwenye kichupa cha maji ya sukari. Unasubiri mpaka ubongo uzame. Ubongo ukizama, unaugandisha na kuukata kwenye kriostati, mashine yenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, vipande vyembamba vya mikromita 20. Kipande kikitoka kwenye wembe hujikunja kama ganda la kitunguu, nawe unakinyoosha kwa brashi ya kuchorea huku umezuia pumzi. Wiki mbili za mwanzo nilivyoharibu vilikuwa vingi kuliko nilivyookoa. Saa kumi na moja jioni nje kulikuwa giza tayari, nami nipo kwenye baridi ya mashine nikitoka naingia kwenye baridi ya mji.

Darasani tulifundishwa jambo ambalo watafiti Angevine na Sidman walilionyesha mwaka 1961: gamba la ubongo wa panya hujengwa kutoka ndani kwenda nje. Wanaotangulia hukaa chini, wanaofuata huwapita na kukaa juu yao. Kwa hiyo seli zangu nilizitafuta chini, na kweli nilizikuta, zimejipanga vizuri. Tatizo lilikuwa juu kabisa, chini tu ya utando wa ubongo. Kila kipande kilikuwa na vinukta vya rangi ile inayoonyesha BrdU hapo, kimoja kimoja, vimefuatana kama shanga zilizopungua uzi. Rangi huwa na tabia ya kung'ang'ania pembeni mwa kipande, hilo nalo nilikuwa nimefundishwa. Nikasema huu ni uchafu. Nikafungua programu ya picha, nikapitisha mkasi.

Siku ya kuwasilisha, fundi wa maabara, mama wa makamo aliyekuwa pale kabla ya sisi sote, aliangalia picha ya tatu akauliza, "Mbona umezinyoa?"

Nikamweleza habari ya uchafu. Hakubishana. Kikao kilipokwisha aliniomba slaidi yenyewe, akaiweka chini ya hadubini, akazungusha polepole hadi vile vinukta vikawa viduara vyenye mpaka. "Uchafu hauna kiini," alisema, akanipisha nikae.

Kumbe vifungua mimba wa gamba hawaendi mahali pamoja. Mwanzoni wote hulala kwenye tabaka moja changa. Ikifika kama siku ya 13, wimbi la wadogo zao hupanda na kujichomeka katikati, tabaka likapasuka mapande mawili: wengine wakabaki chini ya wageni, wengine wakawa darini. Hao wa darini ni seli za Cajal-Retzius, zenye majina ya Mhispania na Mswidi waliozichora miaka ya 1890. Humwaga protini iitwayo rilini, na wadogo huhitaji protini hiyo ili wajipange. Na ni Edinburgh hiyohiyo ambako mtaalamu wa jenetiki Falconer alieleza mwaka 1951 habari za panya waliopepesuka kama walevi. Jeni yenye hitilafu ilipatikana 1995, nayo ndiyo jeni ya rilini. Kwa panya hao tabaka la kwanza halipasuki. Wadogo hurundikana chini yake, mpangilio ukawa kinyumenyume.

Jumapili nilimpigia mama Tanga, nikamsimulia. Mimi ni kifungua mimba wake, wa watoto sita.

"Sasa hao wakubwa mwisho wao nini?"

"Wa juu wengi wanakufa, mama. Panya akitimiza wiki mbili hivi, karibu wote wameisha."

"Na wadogo?"

"Wadogo wanabaki."

"Panya wenyewe unawalisha lakini?" akauliza, nikacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Jumatatu nilirudi kuzitafuta picha za asili. Kumi na tatu nilizipata, nikahesabu upya, safari hii na vinukta vya darini. Ya kumi na nne nilikuwa nimehifadhi ile iliyokatwa juu ya ile nzima, na slaidi yake ilikuwa imeshafifia. Imo kwenye tasnifu yangu hadi leo, ukurasa wa mwisho wa viambatisho, haina juu.