Bahasha ya Ijumaa

Jamani leo saiti hapa Houston nimeona kitu hakijanitoka kichwani mpaka saa hizi.

Ijumaa ndo siku ya mshiko. Sisi wenye makaratasi tunaingiziwa benki, kodi imeshakatwa juu kwa juu. Wale jamaa wa Honduras tunaopiga nao jipsam wanapewa keshi kwenye bahasha, slipu hakuna.

Leo mzee mmoja yake imepungua dola 80. Kumuuliza msimamizi, kaambiwa kama hataki akashtaki. Akashtaki wapi sasa, hana makaratasi!

Kaikunja ile bahasha mara nne, kaichomeka kwenye soksi, kapanda ngazi kumalizia dari.

Halafu utasikia wahamiaji ndo hawalipi kodi. Wakati huyu mzee anajaza ritani kila mwaka kwa namba yake ya ITIN, ile namba ya kodi wanayopewa wasio na namba ya Social Security! Anayekwepa ni bosi, alitakiwa achangie asilimia 7.65 juu ya kila mshahara kwa ajili ya Social Security (mafao ya uzeeni) na Medicare (bima ya afya ya wazee), hatoi hata senti. Na Texas kampuni binafsi hailazimishwi hata bima ya kuumia kazini, ukidondoka shauri yako.

Nyie mlioko saiti Dallas, Minneapolis, hata Dar, kwenu wanalipaje?