Ua Lisilowahi Kunyeshewa

Juzi tulifungua sanduku la bati la shangazi. Mnaijua Desemba ya kwetu: Moshi nzima imejaa magari ya Dar, kila nyumba ina wageni hadi jikoni, mablanketi hayatoshi, na mwenye akiba ya mablanketi ni shangazi peke yake. Kifuniko kilipoinuka tu, harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo ikatujaa usoni. Watoto wakaziba pua na kukimbilia nje. Mimi nikabaki nimeinama na blanketi mkononi, mpaka shangazi akauliza kama kiuno kimenikamata.

Kiuno kizima. Ni ile harufu. Wengine inawakumbusha makabati ya bibi zao, mimi inanirudisha Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, kwenye chumba cha makabati ya chuma ambamo mimea ya nchi hii imelala mikavu, imebandikwa kwenye karatasi ngumu, kila mmoja na lebo yake: nani aliuchuma, wapi, lini, mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Hiyo ndiyo hifadhi ya taifa ya mimea iliyokavushwa, pale kwenye taasisi ya utafiti wa viuatilifu, wakati ule ikiitwa TPRI. Wadudu nao wanaupenda sana mmea mkavu, ndiyo maana ya dawa.

Nilifikaje huko? Wa siku nyingi humu mnajua: nilikuwa fundi wa kuchora mabango, na nilifika kwa bango la saluni. Mwanamke wa kwenye bango lile alikuwa amesukwa twende kilioni, na Dokta, mtaalamu wa mimea, alipopita akasimamisha gari, akashuka, akaliangalia muda mrefu, kisha akaniuliza, "Fundi, hii mistari ya nywele umeihesabu au umejaza tu?" Nikamwambia nimeihesabu, mteja mwenyewe nilimkalisha mbele yangu. Ndivyo nilivyopata kazi. Cheti hakuniuliza, na vizuri hakuuliza.

Alitaka picha za wino za mimea inayochanua ya oda moja tu, yaani kundi la familia za mimea zenye undugu, ile wataalamu wanayoiita Ericales, za kufundishia vijana wanaoongoza watalii mlimani. Nilidhani oda ni kitu kidogo. Kumbe mle ndani mna familia zaidi ya 20. Imo ile michaka ya Erica, yenye vijani kama sindano, inayoanza msitu unapoishia na kupanda juu huko kwenye baridi. Imo primula ya bustani za Ulaya. Imo chai. Limo ua jekundu la msituni ambalo waongozaji wanaliita mkonga wa tembo. Zamani hawa waligawanywa kwenye oda mbalimbali, mpaka mwaka 1998 wataalamu walipopanga upya mimea ya maua kwa kuangalia vinasaba, wakawaweka wote chini ya paa moja. Miti ya ebony, ile Diospyros yenye mbao nyeusi, imo pia. Lakini mpingo wetu tunaochongea vinyago haumo, huo ni ndugu wa maharage. Nilipoambiwa hilo nilikataa, na moyoni bado sijakubali sana.

Dokta alikuwa na sheria zake. Mwanga unatoka juu kushoto, siku zote, hata kama dirisha la chumba liko kulia. Kivuli hakipakwi, kinajengwa kwa vidoti vya wino, kimoja kimoja. Angalau jani moja ligeuzwe lionyeshe mgongo. Vipimo vyote kwa divaida, ile bikari ya ncha mbili kali, jicho lisiaminiwe. Na usiandike kamwe kwamba picha imekuzwa mara mbili, chora mstari wa kipimo pembeni, kwa sababu mchapaji akiipunguza picha yale maneno yanageuka uongo, lakini mstari unapungua pamoja na picha. Kwa mtu aliyekuwa akikadiria sura za watu kwenye mabango kwa kurudi hatua tatu na kufumba jicho moja, ilikuwa adhabu.

Erica ilinitoa jasho lakini tuliishia kuelewana. Ua lake ni dogo kuliko punje ya mchele. Unachemsha maji, unatia tone la sabuni, unaloweka lile ua kavu mpaka linalegea, halafu unalifungua kwa wembe na sindano chini ya hadubini. Ndani unakuta stameni, sehemu za kiume za ua, zimejipanga, na kila kifuko cha chavua kina kitundu chake cha kumwagia. Kilichonishangaza ni kwamba ua lililokauka miaka mingi linakubali kufunguka tena kwa maji ya moto, na kila kitu bado kipo mahali pake.

Mkonga wa tembo ulikataa. Jina lake la kitaalamu ni Impatiens kilimanjari, na hauoti kwa asili popote duniani isipokuwa kwenye mlima wetu. Daniel Oliver wa bustani ya Kew, Uingereza, ndiye aliyeupa jina hilo, kutokana na mimea iliyokusanywa na Harry Johnston, aliyekuja Kilimanjaro mwaka 1884. Sijui Oliver alionaje kitu, kwa sababu mimi nilichokiona kwenye karatasi za Ngaramtoni ni tishu iliyolowa na kukaukia hapo hapo. Jamii hii ya maua ni maji matupu. Ukiliminya kwenye magazeti, wekundu unakimbia, petali zinagandana, na ule mkia uliojikunja unalala upande wowote unaotaka wenyewe. Nililoweka moja kwa maji ya moto, likageuka uji. Dokta akavua miwani. "Hili tunalifuata nyumbani kwake," akasema.

Habari za kibali, za lango la Marangu, za viatu vya kuazima na mvua iliyotukuta tangu mwanzo wa msitu, tuziache. Niseme tu kwamba alikuwepo mzee wa kubeba mizigo yetu, mtu wa Marangu, ambaye wenzake wote walimwita Meku na mimi nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa ameshaupanda mlima kabla sijazaliwa. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona ua, chini ya ukingo wenye unyevu, wakati mimi na Dokta tulishalipita.

Tulilichuma na bua lake, na majani, na vitunda vichanga, tukaweka ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko, tukafunika kwa karatasi ya chooni iliyoloweshwa. Mandara, kituo cha kulala wapanda mlima, karibu mita 2,700, tulipewa pembe ya meza. Nje mvua. Ndani wageni wanakunywa supu na kupima mapigo ya moyo.

Hapa ndipo pamenibaki.

Ua lile likishatoka kwenye bakuli halikusubiri. Dokta akasema, "Anza na mkia, upime pembe yake kabla haujalegea." Nikapima. Sepali, vile vijani vya nje ya ua, ni tatu: mbili ndogo za pembeni, unaweza hata kuzikosa, na ya tatu ya chini ambayo ndiyo ua lenyewe kwa mtazamaji, mfuko mwekundu unaojisokota kwenda nyuma na kuwa mkia mwembamba unaoshika asali. Petali zipo tano, lakini nne zimeungana mbili mbili kila upande, kwa hiyo usipofungua utaandika tatu. Nilikuwa nachora kwa penseli ngumu, naandika vipimo pembeni, na kila nikiinua macho kitu kimeshasogea kidogo. Taa ya mezani ilikuwa inalipasha joto. Nikaizima, nikaomba tochi ya mgeni mmoja.

Kisha nilipogusa kati kwa sindano, kikofia kidogo kikadondoka juu ya karatasi. Nikaganda. Dokta akainama. "Hizo ndizo stameni. Tano, zimeshikana, zinafunika ovari. Zikishamaliza kazi zinadondoka zenyewe, ndipo upande wa kike unapofunguka. Ua hili huanza dume, likaishia jike." Mgeni mwenye tochi akauliza tunaongea nini, hakuna aliyemjibu. Nilichora kile kikofia upande wa kushoto peke yake, kikubwa, mara nyingi ya ukubwa wake, na nikaweka mstari wa kipimo nikiwa natetemeka, nusu ni baridi.

Ukabaki mfuko wa mbegu. Nilikuwa sijaambiwa. Niliushika kwa vidole viwili ili niugeuze, ukapasuka, kuta zake zikajisokota na mbegu zikaruka hadi kwenye supu ya watu. Mmoja alipiga kelele. Meku, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai, alicheka mpaka akakiweka kikombe chini.

Halafu akasogea. Akaliangalia ua, akaangalia karatasi, akarudi kwenye ua.

"Kijana wangu, unachora vizuri. Lakini hili lako halijanyeshewa hata siku moja."

Kweli jani kubwa la chini lilikuwa na tobo la mdudu, na ukingo mmoja wa ule mfuko mwekundu ulikuwa umechubuka. Kwenye karatasi yangu jani lilikuwa zima na mfuko mzima, kama nilivyofundishwa.

Dokta akamjibu yeye badala yangu. "Meku, hii si picha ya huyu mmoja. Ni picha ya ukoo mzima."

"Ukoo usio na mgonjwa?"

Dokta akanyamaza kidogo. Akasema mtu wa mbali akikuta tobo kwenye kitabu atadhani kila jani linazaliwa nalo. Akasema ndiyo maana ua, na tunda, na mbegu, vyote vinawekwa kwenye ukurasa mmoja, hata kama porini ungesubiri majuma uvione vyote. Akamwonyesha hata kile kikombe: chai aliyokuwa anakunywa ni ya oda hiyo hiyo. Meku akakitazama kikombe, akalitazama ua.

"Basi huo ukoo una mchanganyiko. Na chozi mbona humjaweka? Huyu ndege asipochomeka mdomo hapo, ukoo wako hauendelei."

"Chozi ana kitabu chake," Dokta akasema.

Meku hakubisha. Alimaliza chai yake, akatuaga, akaenda kulala. Ila nilimwona usoni kwamba hakuridhika.

Usiku ule nilichora nyingine. Tobo likawepo, mchubuko ukawepo, na tone moja kwenye ncha ya jani. Mwanga niliuacha utoke ilipokuwa tochi, yaani kulia na chini, kinyume cha sheria. Asubuhi Dokta aliikuta mezani. Nilitegemea maneno. Akachukua penseli, akaandika pembeni jina la ua, jina la mahali, mita, tarehe na jina la Meku kama mkusanyaji, sawasawa na lebo za Ngaramtoni. "Hii ya huyu mmoja," akasema, akampelekea mwenyewe. Kama alikuwa anamheshimu au anatutania sote wawili, sikuwahi kumuuliza, na sasa yuko mbali.

Ile safi ilichapwa. Iliishia kuwa ndogo, robo ya ukurasa, mstari wa kipimo ukiwa umepungua pamoja nayo kama alivyosema. Herufi za jina langu, ambazo nilizificha kando ya bua kama wafanyavyo wachoraji wa mimea, zilifutwa. Aliyeandaa kurasa alidhani ni uchafu wa skana. Nilikasirika siku ile, nikanunua wino mwingine.

Tangu hapo nimechora mimea mingi zaidi ya saluni. Vijana wananiuliza ipi ilikuwa picha ya kweli, ile ya kitabuni au ile ya Meku, na huwa nawajibu tofauti kutegemea nimeamkaje. Nikiwa na haraka nasema ya kitabuni, maana ukiwa nayo mkononi msituni utalitambua ua. Nikiwa sina haraka namkumbuka Meku amesimama nyuma yangu, na sisemi kitu cha maana. Wanaolipa wanataka safi. Hapo hakuna mjadala.

Mjukuu wa Meku alinipigia mwaka huu. Karatasi ya babu yake bado wanayo, imepata ukungu pembeni, na wanataka niikuze iwe bango la nyumba yao ya wageni, barabara ya kwenda getini. Nikamuuliza tobo la kwenye jani libaki au nilizibe. Akasema libaki, babu angeudhika. Ila akaomba pembeni niweke na simba, hata mdogo tu, watalii wanapenda.

Nimemwambia simba ana bei yake. Bado tunajadiliana.