Nilivyoweza kuisikiliza jazi ya piano mpaka ikaniingia

Mimi napiga kinanda kwaya huku Shangani, Mtwara, na jazi niliyokua naijua ni ile ya Morogoro Jazz na Western Jazz, magita na matarumbeta, watu wanacheza. Sasa jamaa angu akanirushia albamu ya Portrait in Jazz ya mpiga piano Bill Evans, piano, besi la kusimama na drams basi, hakuna anayeimba. Ilirekodiwa New York Desemba 28, 1959. Mara ya kwanza naona kila mtu anapiga lake.

Kilichonisaidia ni kuachana na piano kwanza nikafuata besi. Ila vaa hedfoni, spika ya simu besi hulipati hata ufanyeje. Nikaanza na Autumn Leaves, asili yake wimbo wa Kifaransa, melodi yake unaishika haraka, nikawa nahesabu kwa vidole, baa 32 (vile vipande vya mapigo) zikiisha wanarudi mwanzo, zikiisha wanarudi tena, melodi inapotea ila kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) zinazunguka vilevile, aisee kumbe hawajapotea hawa! Na Scott LaFaro wa besi hatulii chini kama wapiga besi wetu wa kwaya (msinimaindi), anamdakia Evans maneno, anajibiwa, anadakia tena, na Paul Motian kwenye drams anawaachia nafasi.

Utamu sasa, matoleo mengi ya siku hizi yana Autumn Leaves mbili, walipiga mara mbili kwenye rekodi hiyohiyo. Sikiliza moja halafu weka nyingine. Kodi zilezile ila maongezi mapya kabisa, hapo ndo unajua kipi walikubaliana na kipi kinatungwa palepale. Mimi hapo ndo ilipofunguka.

Humohumo kwenye albamu, Someday My Prince Will Come ina mapigo ya tatu kwa nne, mtu wa tenzi haimsumbui. Peri's Scope katunga Evans mwenyewe, fupi, imechangamka, naona hata mgeni angeanzia hiyo. Blue in Green iacheni usiku, mchana na singeli za bodaboda hamtaambulia kitu.

Ukimaliza tafuta walizorekodi live pale Village Vanguard, klabu ya jazi New York, Juni 25, 1961, maana LaFaro alifariki kwa ajali ya gari Julai 6 mwaka huohuo ana miaka 25, kazi zao hawa watatu sio nyingi. Mle ndani piano inalia huku wateja wanapiga stori na glasi zinagongana, yaani kama grosari yoyote ya huku tu.