Breki ikitetemeka, usikimbilie kununua diski

Breki ikipigapiga mguuni, angalia kwanza mtetemo unakotokea. Usukani ukicheza, tatizo mara nyingi liko mbele. Kikitikisika kiti na usukani umetulia, kagua nyuma. Kama nyuma kuna breki za dramu badala ya diski, tafuta barabara tupu, nenda kilomita 40 kwa saa, vuta handbreki polepole huku umebonyeza kitufe chake. Mtetemo ukirudi, dramu si duara tena.

Kwa diski, pima unene kwa maikromita (kifaa cha kupimia unene mdogo sana) sehemu 8, sentimita 1 kutoka ukingoni. Tofauti ya milimita 0.02 tu mguu unaisikia! Halafu pima myumbo, yaani diski inavyoyumba kushoto na kulia ikizunguka, kwa saa ya kupimia (kifaa chenye mshale kinachogusa diski). Magari mengi yana kikomo cha milimita 0.05.

Tafadhali, fundi, sugua kutu kwenye habu (kitovu diski inapokaa) kabla ya kufunga diski. Punje moja ya kutu hufanya diski mpya ikae kombo, na baada ya kilomita elfu kadhaa mtetemo umerudi. Nati za gurudumu kaza kwa kupishana, kwa spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukaza.

Mnaoshuka milima ya Kabale–Kisoro, Uganda: tumieni gia ndogo. Diski ikiwa moto sana, ukisimama huku umekanyaga breki, pedi huacha alama juu yake.